Elfu Mbili ya Rambirambi

Noti ile ya elfu mbili nililipwa gulioni Kasulu, nilipouza dumu la mawese. Nurudini wa dukani akaikataa. Aliiinua juani, akasema, "Bibi, hii feki. Simba yupo, lakini kile kivuli cha ndani hakipo. Siku hizi wanatengeneza hizi ndogondogo, maana elfu kumi kila mtu anaikagua."

Nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Kidole changu kilikuwa na mawese, kikaacha doa kwenye sikio la simba.

Siku ya Jumanne, Tharsisi akafa, mtu tuliyekaa jirani miaka thelathini. Ndani sikuwa na pesa nyingine. Na msibani kwetu Bazilio ndiye hushika daftari. Tukishazika, majina husomwa, kila mtu na alichotoa. Sikutaka langu likosekane. Nikaitumbukiza noti kwenye sahani. Bazilio akaandika: Bibi Niyubahwe, elfu mbili.

"Asante, bibi," akaniambia, akaenda dukani kununua sanda na misumari. Mbao za jeneza zilikuwa zimeshakatwa, fundi kakaa juu yake anangoja.

Saa nane akaja Nestori wa bodaboda na pikipiki yake. "Bazilio kashikwa! Kakutwa na noti feki, polisi wamempeleka kituoni."

"Si nilisema?" fundi akadakia. "Kila wiki yuko mpakani Manyovu kwa wale wabadili fedha. Kala rambirambi, katuwekea makaratasi."

"Hata maiti anamtapeli!" mwingine akasema, na watu wakacheka. Msibani, wakacheka.

Nikamuuliza Nestori, "Hiyo noti ina doa?"

"Ndiyo, la mafuta. Bibi umejuaje?"

"Kwenye sikio la simba. Ni yangu. Niliiweka nikijua."

Yebaba we, fundi akainuka kwenye mbao! Vestina, mjane mwenyewe, alitoka hadi mlangoni, khanga kiunoni.

"Bibi, si ungekuja mikono mitupu tu? Nani angekufukuza?"

Nikapanda pikipiki ya Nestori hadi kituoni. Walinihoji, wakaandika, wakaniambia nirudi Jumatatu. Bazilio walimwachia jua likizama. Alinipita mlangoni bila salamu. Tharsisi akalala tena mkekani kwa kukosa misumari.

Tulizika kesho yake. Bazilio alikataa kulishika daftari, akasoma Nestori. Jina langu lilisomwa, pamoja na elfu mbili yake. Hakuna aliyekuwa amelifuta.