Siku ya Nane Uani kwa Bertilla

Sayi alikuwa amekaa jamvini na wanawe, nyumbani kwake Pito, akiwafundisha juma kwa punje za mahindi. Jumatatu, Jumanne na Jumatano baba yao yuko hapa. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi yuko Majengo kwa mama yao mdogo. Jumapili analala zizini na ng'ombe, mtu asije akalia kaonewa. Punje saba, juma limekwisha.

"Umesahau ile ya kwa mama mdogo," alisema Debora, ambaye juma lililopita alikwenda kulala huko. Akaongeza punje moja baada ya Jumamosi. "Hii haina jina. Tulipika wali."

Kilichomkaa Sayi rohoni ni ule wali.

Jumamosi alijitanda kitenge akaenda Majengo. Bertilla, huyo mama mdogo, alikuwa na duka tangu biashara ilipofunguliwa na kila mtu kuruhusiwa kuuza alichopata. Jua lilipozama mtaani, uani kwake kulipambazuka. Jogoo akawika. Maganga, mume wao, alikuwa kitini anakunywa chai, na ng'ambo ya ua jirani anawasha kibatari.

"Shikamoo, dada," alisema Bertilla.

"Marahaba. Siku hii umeitoa wapi?"

"Ilikuja na mzigo wa sabuni kutoka Zambia. Niliikuta chini ya boksi, nikaona isiharibike."

"Na mume wangu ndiye kopo la kuihifadhia?"

"Karibu chai, dada. Bado asubuhi."

Sayi akapeleka shauri kwa mzee Nyanda, aliyewagawia zamu siku Bertilla alipoolewa.

"Tuligawa siku saba," alisema mzee. "Zako tatu unapata?"

"Napata."

"Basi hujadhulumiwa. Hiyo ya nane hatukuigawa."

Maganga, aliyeitwa naye shaurini, aliitikia kwa kichwa, upesi kidogo.

Mvua zilipokolea, ulezi wa Sayi ukaanza kuota ukungu. Katika siku ile ya Bertilla mvua haikuwahi kunyesha, kwa hiyo Sayi akaupeleka kuuanika huko. Wivu hausongwi ugali. Alipokuwa akigeuza ulezi kwenye mkeka, akamwona mke mwenziwe ana mikunjo shingoni. Ndiyo hivyo: mwenye siku nane kwa juma huzeeka kabla ya wenzake. Sayi alirudi Pito akiimba, akajipaka mafuta, akajitazama kiooni mpaka ugali ukaungua.

Jumatatu Maganga akaja na blanketi lake begani. Sayi alipokuwa akimsugua mgongo bafuni, aliona ngozi imelegea na mvi zimeteremka mpaka kisogoni. Hakuimba tena. Alilikamata dodoki kwa mikono miwili.

"Taratibu, mama Debora, unanichuna!"

"Tulia. Natoa ile siku."

"Inatoka?"

"Imeng'ang'ania."

Akasugua mpaka maji yakaisha ndooni. Alhamisi Maganga akatia blanketi begani, akashika njia ya Majengo, mgongo unamwaka moto.