Nani Alimletea Nani

Romano alikuwa amevua kofia yake ya askari magereza na kuipakata, kama mtu aliyefika matangani. Santa, mkewe, alimtupia jicho la pembeni, akaanza kutafuta maneno ya kumwomba radhi kabla hata muuguzi hajafungua kinywa.

Kuomba radhi alikuzoea. Alipogundulika ana virusi vya Ukimwi, Romano alipimwa akakutwa salama, na bado hakumwacha. Ndugu zake walimsakama amfukuze. Akatia pamba masikioni. Santa aliishi ndani ya wema huo kama mpangaji asiyelipa kodi: alitembea kwa kunyata, hakununa hata alipoonewa. Walipohamishiwa Jinja, aliendelea kufuata dawa Mbale, kwenye zahanati hii ya mtaa wa Malukhu, wake wa askari wenzake wasije wakamcheka mumewe. Safari ile ilimchosha mifupa. Wema ule ulimchosha zaidi, na hilo hakuwahi kulitamka.

"Majibu ya kipimo cha mlango wa kizazi yametoka," alisema muuguzi, Sista Nandutu. "Una virusi vya papiloma, na kuna sehemu imeanza kubadilika. Si saratani. Tutaichoma leo kwa joto, kisha utarudi tukuangalie."

"Ni huu ugonjwa wangu," Santa aliwahi kusema. "Baba Docus, nisamehe. Nimekuongezea mzigo."

"Ngoja, mama. Ukimwi hufanya mwili ushindwe kuvifukuza haraka, ni kweli. Lakini virusi hivi vya zinaa havichagui. Wengi wasio na Ukimwi wanavyo, wanaume pia, bila dalili yoyote. Kondomu hupunguza hatari, haiimalizi."

Romano aliinua uso. "Sista, una maana huenda nimemletea mimi?"

"Huenda, afande. Huenda alikuwa navyo kabla yako. Hakuna kipimo cha kutuambia."

Nje, pikipiki ilikohoa, ikazimika. Romano alifumba na kufumbua macho, kama mtu aliyeamshwa ghafla katika nyumba asiyoijua.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "nilijiona mimi ndiye niliyevumilia." Akamgeukia mkewe. "Santa, nisamehe."

Maneno ya kumtuliza yalimpanda Santa hadi ncha ya ulimi: si kitu, usijali, wewe umenitendea mema. Aliyajua kwa moyo. Lakini safari hii alihisi uchovu mkubwa, si hasira wala ushindi, uchovu tu wa mtu aliyebeba ndoo kichwani mpaka shingo ikafa ganzi. Akayameza.

"Nishikie mkoba," alisema.

Romano aliupokea kwa mikono miwili.

Sista Nandutu akavuta pazia. Santa akapanda kitandani, akaachia mwili wake wote uzame godoroni. Upande wa pili alimsikia Romano akisogeza kiti, akisimama, akikaa tena.

Santa hakumwita.