Uso Kwenye Sarafu ya Hamsini

Kila jioni, kabla ya kufunga choo cha kulipia pale stendi, Mama Chenji alimwaga sarafu za siku nzima kwenye beseni la sabuni, akazisugua mojamoja kwa mswaki mkuukuu. Hakuona vizuri kumrudishia mtu chenji ya chooni bila kuiosha. Jumanne hiyo alishika ya hamsini, na pale ambapo huwa pana nembo, akakuta uso wa mumewe. Povu lilimwingia mume machoni, akakunja uso.

"Samahani, baba watoto," alisema, akamsuuza.

Mumewe alikuwa fundi wa mashine ya kugonga sarafu kiwandani. Siku moja hakurudi. Kiwanda kikasema katoroka kazi. Mtaa, kwa ukarimu wake, ukamwongezea mwanamke mwenye gari. Mama Chenji akajikaza kisabuni, akalea wanawe, lakini neno lile lilimchoma: katoroka.

Kesho yake alifunga choo mchana kweupe, watu wakibana miguu mlangoni, akaenda kwa mnunuzi wa sarafu za zamani. Mzee akaijaribu kwa sumaku, akaipima, akachungulia ukingo wake kwa lenzi.

"Hii haikuchongwa mtaani. Imegongwa kiwandani, ikatoka na kosa. Makosa ya namna hii yana bei, mama. Nakupa hela ya kuezeka nyumba nzima."

"Siuzi, mzee. Nilitaka kujua ilikotoka."

"Tena imezidi uzito kidogo."

"Alikuwa anakula vizuri," alisema Mama Chenji.

Kiwandani, meneja aliilaza kiganjani. Fundi akamkazia macho kutoka kwenye sarafu bila kupepesa. Meneja akaigeuza upande wa pili.

"Haina kosa. Thamani yake ni hamsini."

"Huyo ni mume wangu."

"Mumeo alitoroka, mama."

"Basi tazama alikotorokea."

Meneja akamrudishia sarafu, akamwita mlinzi.

Tangu hapo Mama Chenji hapokei noti. Anayetaka kujisaidia alete sarafu, na avumilie ikikaguliwa. Mpaka mvua zinaanza alikuwa ameshapata kidole chenye kovu, goti, na kiatu nusu. Alivipanga kwenye sinia la chai, kila kimoja mahali pake. Watoto wakitoka shule humwamkia baba yao; naye hutabasamu tu, maana hasikii.

Siku moja meneja mwenyewe alikuja mbio, tumbo limemvuruga, akatupa sarafu mezani. Ilikuwa na sikio. Mama Chenji akamkatia karatasi kama wateja wengine, akampisha.

Jioni aliliosha sikio, akaliweka karibu na uso, akamweleza mumewe kwamba kiwandani bado wanasema katoroka. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso kama siku ile ya povu. Mama Chenji akavuta beseni, akaendelea kusugua zilizobaki.