Mjamzito wa Kuigiza

Erick alikuwa mwenyekiti wa vijana wa parokia, na uenyekiti ulimkaa kama suti ya kuazima: mabega yalipwaya, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia avue. Jumatano alipanda hadi kwa akina Juliana, juu kabisa ya Kilakala, njia inapoanza kukata pumzi kuelekea mlimani. Alifuatana na katibu wake, Editha, na mfuko mtupu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," alijibu Juliana, bila kuacha kuchambua maharage.

"Dada Juliana, tumekuja kwa upendo."

Juliana akautazama ule mfuko. Watu wakija kwa upendo na mfuko mtupu, ujue kuna kitu chako kinaondoka.

"Tunaomba sare," akasema Erick.

Utaratibu wa kwaya ile ulikuwa wa kale na haukuandikwa popote, ndiyo maana hakuna aliyeweza kuufuta. Msichana akipata mimba bila ndoa hurudisha kitenge cha kwaya, huhamia benchi la nyuma karibu na mlango, na hukaa hapo mpaka ajifungue na wakubwa waridhike kwamba ametubu vya kutosha. Mvulana aliyehusika, kama naye ni mwanakwaya, huendelea kuimba besi, kwa kuwa tumbo lake halionekani. Wa Juliana hakuwa mwanakwaya. Alikuwa fundi wa reli, akahamia Kisaki, akahama na namba ya simu.

"Jumamosi tuna maandamano ya kutetea uhai," Erick akaendelea. "Monsinyori anakuja, na watu wa kamera wanakuja. Sare hazitoshi."

"Na mimi nitaandamana."

Erick akakohoa kikohozi cha kikao. "Hapo ndipo penye ugumu. Watu wakikuona, ujumbe utapotoka."

"Ujumbe gani?"

"Kwamba mtoto aliye tumboni ana haki ya kuishi."

Juliana akalitazama tumbo lake la miezi saba, kama mtu anayemwomba mwenzake maoni.

"Halafu kuna igizo," Editha akadakia. "Mimi ndiye mjamzito. Mto nimeshapata."

"Mto wa kulalia?"

"Ule wa sufi."

Juliana akaacha maharage. Alichotaka duniani kwa wakati ule kilikuwa kimoja tu: kurudi kusimama katikati ya sauti zile, mahali pekee alipojulikana kwa koo lake.

"Erick, tangu uanze semina zako za kutetea uhai umeokoa watoto wangapi?"

"Kazi ya Mungu hatuihesabu."

"Mimi namjua mmoja. Nilifika mpaka mlangoni kwa yule mama wa vidonge vya kutoa mimba, nikayakumbuka maneno yako, nikarudi. Huyu hapa. Ndiye huyo unayemficha."

Mwenyekiti akatafakari kwa uzito unaostahili. "Tunashukuru kwa ushuhuda," akasema. "Sare iko wapi?"

"Kwa fundi."

Haukuwa uongo, ulikuwa ukweli uliotangulia kidogo. Walipopotea kwenye kona, Juliana aliipeleka kwa jirani yake, Mama Mwaisha, fundi cherehani, aongeze vipande ubavuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Mama Mwaisha alikuwa Mwislamu na mambo ya kwaya hayakumhusu, kwa hiyo aliyafuatilia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni. "Sasa hao wenzako wanatetea tumbo gani? La sufi?"

Jumamosi, uwanja wa kanisa ukajaa watetezi wa uhai wapatao mia mbili, mabango juu, nyuso zimekunjwa kwa huruma. Mbele kabisa alisimama Editha, mto wake umeshaanza kuteremka kuelekea magotini. Juliana akapita katikati yao akiwa na sare yake pana, akasimama ubavuni kwa Editha. Walimpisha haraka, kama anayebeba sufuria la moto.

Monsinyori alikuwa akisalimiana na mstari wa mbele. Alipomfikia Juliana, akatabasamu.

"Hongereni. Huyu mmemtengeneza vizuri kuliko yule."

"Ndiyo, Monsinyori," Erick akawahi. "Tuna waigizaji wawili." Kisha akamwinamia Juliana sikioni. "Kubali tu. Kesho unarudi kwaya, mstari wa mbele. Nakuahidi mbele ya Mungu."

Ndicho alichokuwa akikililia miezi yote ile, na sasa kilikuwa kinatolewa kwa sharti moja dogo, kwamba mtoto awe mto. Juliana akamgeukia Monsinyori.

"Siigizi, Monsinyori. Mimi nimesimamishwa kwaya kwa sababu ya mimba hii, na mwenyekiti aliniomba leo nisionekane."

Monsinyori alimtazama Erick, akazitazama kamera, kisha akatazama saa yake, ambayo peke yake haikuwa na swali. "Jambo hili litafikishwa kwenye halmashauri ya parokia," akasema. "Tuanze."

Erick akaguna, "Kwaya ndiyo basi tena, dada."

"Najua."

Juliana akaanza kutembea. Na katika watetezi mia mbili wa mtoto aliye tumboni, hakupatikana hata mmoja aliyejua namna ya kumsukuma mjamzito pembeni mbele ya kamera. Wala hakuna aliyediriki kumpita. Basi maandamano yote, Monsinyori na mabango na mto wa sufi, yakateremka kuelekea mjini kwa mwendo wa Juliana, ambao ulikuwa wa taratibu sana. Kila alipochoka alisimama, akashika kiuno, akapumua. Nao wakasimama juani, wakasubiri.