Siku Ndunge Aliposahau Kupiga Kelele

Katika mto wa mchanga ulio chini ya kijiji cha Zombe, maji huchimbwa. Wanawake hufukua mchanga mpaka shimo liwafike kiunoni, kisha huchota kwa kata. Mawingu yakitanda juu ya vilima vya mbali, hata kama huku jua linachoma, mmoja wao hupandishwa kwenye mwamba wa ukingoni. Kazi yake ni kuyaona maji yakija na kupiga kelele.

Jumanne hiyo alipandishwa Ndunge, msichana wa miaka kumi na tisa asiyesema mengi.

"Huyu atatuitaje, na hata salamu anaitikia kwa macho?" Kasiva alitania akiwa shimoni.

"Macho ndiyo tunataka," alijibu jirani yao Mwongeli, ambaye Ndunge humwita Mama Kisilu, akimfunga punda wake kwenye kisiki palepale mchangani.

Maji yalikuja saa tisa. Ndunge aliyaona kabla hajayasikia. Penye kona ulitokea ukuta wa rangi ya udongo, ukisukuma miti mizima mbele yake. Kisha mwamba ukatetemeka na ngurumo ikampanda mgongoni. Aliogopa, lakini si kama mtu anavyoogopa nyoka. Hofu hii ilimfungua kifua. Alijiona mdogo kama punje ya mtama, na udogo huo ukampumzisha. Siku zote aibu ilimkumbusha kwamba yupo, mikono yake iko wapi, nani anamtazama. Sasa Ndunge hakuwepo. Yalikuwepo maji tu, na machozi yakimtoka.

Mwongeli na Kasiva pia hawakuwepo.

Aliyepiga kelele ni Kasiva mwenyewe, aliposikia mchanga ukitikisika chini ya nyayo. Alimburuta Mwongeli kwa leso mpaka ukingoni, maji yakiwa yamewafika mapajani. Punda hakuwahi kufunguliwa, akaenda na maji.

"Sauti ilimkwama, maskini," watu walisema jioni. Hata Mwongeli alimtetea kanisani, kwenye maombi ya Jumatano. Mama yake Ndunge alimnong'oneza, "Nyamaza hivyo hivyo. Aibu haina kesi."

Siku ya tatu Ndunge alimfuata Mwongeli, akamkuta akipanda kutoka mtoni, mtungi mgongoni na kamba ya ngozi kwenye paji la uso, kazi iliyokuwa ya punda.

"Mama Kisilu, sauti haikukwama."

"Ulilala?"

"Sikulala. Niliyaona tangu kwenye kona. Yalikuwa mazuri. Nikawasahau."

Mwongeli aliushusha mtungi polepole.

"Mazuri," alisema. "Mimi niliona tope. Tope mdomoni, na kisigino cha Kasiva. Mto ni mzuri kwa aliye pakavu, mwanangu."

Hilo ndilo Ndunge alilokuwa akilizunguka siku mbili bila kupata maneno. Kama maji yangemgusa hata kidole, asingeona uzuri wowote. Na bado alikuwa ameuona, hakuweza kusema hakuuona.

Mwongeli alijifuta jasho. "Kasiva anasema mkuyu mzima ulipita na maji. Ni kweli?"

"Ni kweli. Ulisimama wima katikati ya maji, matawi yote, kama umeota hapo. Kisha ukalala."

"Ukalala." Mwongeli alitazama mtoni kidogo, halafu akakaza uso tena. "Mwamba hupandi mpaka niseme mimi. Utachimba, na utanibebea maji mpaka nipate punda mwingine. Na hili la uzuri, wenzako utawaambia wewe. Mimi nimekutetea ya kutosha."

Kesho yake Ndunge alichimba. Shimoni hakuona kona wala vilima, ila ukuta wa mchanga mbele ya pua yake, na Kasiva juu mwambani. Alisimama, jembe mkononi.

"Nina neno," alisema.

"Nani anaongea huko chini?" aliuliza Kasiva. "Toa sauti, hatusikii."

Ndunge akaanza upya kwa sauti iliyofika mpaka mwambani, tangu pale alipoyaona maji.