Shule Zote Tangu Darasa la Kwanza

...shule zote, ndivyo fomu ya kuomba nafasi katika shule hii mpya ilivyosema, si shule ya sasa tu, zote, tangu darasa la kwanza, na Eunsil akaisoma sentensi hiyo mara ya tatu huku kidole kikifuata maneno, kama anavyosoma Kiingereza siku zote, akitumaini safari hii itakuwa inauliza kitu kingine, lakini wapi, ilikuwa ile ile, na chini yake mistari minne, jina la shule na tarehe ya kuanza, wa kwanza ameshaujaza, ile shule ndogo ya karibu na mto anayosoma Dabin mpaka leo, mitatu iliyobaki mitupu, na mtu mwingine yeyote angepiga kistari na kugeuza ukurasa, akina mama wote waliokaa kwenye viti hivi vya plastiki wangepiga kistari... "Bado tu, Mama Dabin?" Ni Mama Junseo, kiti cha pili kutoka chake, anajipepea kwa karatasi ya ratiba, "fomu ya kurasa mbili unaikodolea macho kama mtihani, mimi ya Junseo niliijaza nimesimama!" na Eunsil akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kufunika mdomo kwa mkono, "nakaribia, dada," maana akina mama wa Kikorea hapa Vientiane wote humwita dada, ana miaka kumi na moja hapa, anajua shule ipi inamchukua nani na chuo kipi kule nyumbani kinataka nini, mtu ukifika tu na masanduku yako unapelekwa kwake kama unavyopelekwa uhamiaji, na ndiye aliyemweleza habari ya mlango wa pembeni, mwaka jana, mezani kwa kahawa ya barafu, kwamba mtoto aliyesoma miaka yote kumi na miwili nje ya nchi haingii kwenye ule mtihani unaowakondesha watoto kule kwetu, anaingia chuo kikuu kwa njia yake, "lakini yote kumi na miwili, nisikilizeni vizuri, siyo kumi na mmoja na nusu, kwenda likizo ruksa, kumwona bibi ruksa, ila jina la mtoto likishaandikwa kwenye daftari la shule kule, hata muhula mmoja, basi, umeufunga mlango kwa mkono wako mwenyewe," kisha akamtaja mama mmoja aliyewahi kufanya hivyo, meza nzima ikacheka, "akili alizipeleka wapi yule?" na Eunsil naye akacheka, akacheka pamoja nao, mkono umefunika mdomo.

Miezi minne. Darasa la pili, mwaka juzi, na yeye hakujua, haki ya Mungu hakujua, alijua tu kwamba mvua ilikuwa imenyesha siku kumi na tisa na kwamba katika siku hizo kumi na tisa alikuwa ameongea na watu wawili, muuza mboga na Dabin, na muuza mboga hawakuelewana, baba Dabin yuko juu milimani kwenye bwawa la umeme wanalojenga, anashuka mara moja kila wiki tatu, anakula, analala, ananuka saruji hata baada ya kuoga, anauliza mtoto anaendeleaje, anaondoka, na siku moja Eunsil akajikuta amesimama jikoni anaiambia sufuria ya wali, "umeiva?" kwa sauti, halafu akangoja jibu... ndipo akapiga simu nyumbani, mama akasema nimeumia goti, kidogo tu, nimeteleza bafuni, na Eunsil akalidaka lile goti kwa mikono miwili, akamwambia mumewe mama ameanguka vibaya, mama hawezi kutembea, lazima niende nimwuguze, nitamchukua Dabin, na shule ya karibu na mto ikakubali kumwekea nafasi, na wiki moja baadaye mama yake huyo asiyeweza kutembea akaja kuwapokea kituo cha basi akiwa amebeba sanduku yeye mwenyewe. Wiki ya kwanza Dabin alishinda barazani akiwatazama watoto wa jirani wakipita na mikoba yao, na bibi akasema, "Mtoto anakaa kama kuku wa kufugwa, mpeleke pale shuleni acheze na wenzake, mwalimu mkuu namfahamu, mama yake tulikuwa tunauza samaki pamoja," na asubuhi moja wakaenda, hatua mia mbili kutoka mlangoni, mwalimu mkuu akaandika jina, Dabin, herufi nzuri, wino wa buluu, na Eunsil akatazama jina likiandikwa na akajisikia kama mtu aliyepewa kikombe cha maji. Ilikuwa furaha, hakuna neno jingine, Dabin anarudi mchana amebeba mfuko wa ndara zake za darasani, anaimba, anasimulia supu waliyokula, anasimulia Sora, Sora amesema hivi, Sora ana kaka anayeweza kutembea kwa mikono, na yeye Eunsil kibarazani na mama yake wanamenya matunda ya kukaushwa, wanayafunga kwenye kamba, wanasengenya mtaa mzima, hata sauti yake ilikuwa imerudi, alikuwa anasikia jinsi ilivyo kubwa...

"Wangapi wamebaki mbele yetu?" Mama Junseo anamuuliza katibu wa shule, Bi Manivone, naye bila kuinua macho anajibu, "Anamaliza huyu aliye ndani, kisha wako," na huyu aliye ndani ni Dabin, mlango wa kioo umeachwa wazi kiganja kimoja kwa sababu ya joto na moshi wa mashamba yanayochomwa, mgongo mdogo, nywele zilizosukwa mara mbili, mbele yake mwalimu mwenye ndevu nyekundu anaandika. Na asubuhi hii baba Dabin amepiga simu, upepo unapiga kwenye simu kama mtu anakung'uta mkeka, "Mama Dabin, umeshafika shuleni? Sawa, wewe jaza tu, mimi kesho kutwa natia saini mkataba, nimewaambia nabaki, bwawa likiisha kuna jingine kusini, miaka tisa itapita tu," na yeye akauliza polepole, "Baba Dabin, kwani wewe mwenyewe unapenda kubaki?" na upepo, na kicheko, "Nani anapenda kula vumbi, mama? Mgongo wangu umekwisha. Ni kwa ajili ya mtoto. Tukirudi sasa tumempokonya miaka yake," na ndipo angesema, mdomo ulikuwa wazi kabisa, angesema hakuna miaka ya kupokonya, niliipokonya mimi, wewe unamtilia saini mtoto asiyekuwepo... akasema, "Kula vizuri huko." Kula vizuri! Miaka tisa mtu anavunjika mgongo kwa ajili ya mlango uliofungwa, na mwishoni watataka vyeti, watataka kumbukumbu za shule, na jina lipo pale, wino wa buluu, halifutiki, Dabin atakuwa na miaka kumi na minane na hana mlango wa pembeni wala hakujiandaa kwa ule mtihani. Lakini subiri, subiri kwanza, ajiulize vizuri, je, anataka kusema kweli, au anataka tu kwenda nyumbani? Maana akisema, saini haitawekwa, na saini isipowekwa watarudi, na akirudi ataongea na watu, atashinda sokoni, atagombana na wauza samaki kwa raha zake, ni ukweli gani huu wenye zawadi ndani yake, si ndivyo alivyolidaka lile goti la mama yake... na hapo, kwenye uwazi wa kiganja kimoja, akasikia, Kiingereza cha mwalimu kinakwenda taratibu kwa ajili ya mtoto na kwa hiyo hata yeye anakielewa, "Na kabla ya shule hii?" "Hii hii tu." "Tangu darasa la kwanza?" "Ndiyo. Shule moja tu," haraka, safi, bila kusita, kisha Dabin akacheka kidogo, na mkono ukaenda ukafunika mdomo.

Hakuna aliyemfundisha. Yaani, yeye mwenyewe alimfundisha, mara moja tu, kwenye ndege wakirudi, maana baba angeuliza safari ya kuuguza goti imefikaje kuandikisha mtoto shule, "tusimwambie baba habari ya shule, eh, ulikuwa unacheza tu kwa bibi," na mtoto akaitikia kwa kichwa, akageukia dirisha, na tangu siku ile hajataja, hajataja Sora, hajataja kaka wa Sora, hajaimba hata wimbo mmoja, na Eunsil akajiambia watoto husahau, miaka saba ni midogo, amesahau, akashukuru hata, akaona ni bahati... hakusahau. Alikuwa anatunza. Mwaka na nusu anatunza, kule chumbani kwake na mlango umefungwa, wakati mama yake anapita korido anawaza ni mimi peke yangu katika nyumba hii, hakuna mwenzangu, kumbe nyuma ya mlango kuna mtu wa kimo cha kiuno chake mwenye rafiki asiyeruhusiwa kumkumbuka, wako wawili, walikuwa wawili siku zote, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kunyamaza, na hawakuambiana hata neno. Na kama ni kwa sababu anataka kwenda nyumbani, basi iwe kwa sababu hiyo pia, akasirike baba Dabin, apige kelele mpaka bwawa lipasuke, kesho kutwa bado haijafika, mtoto hatakuwa mwongo wa kumfaa mama yake... "Mama Dabin jamani," Mama Junseo anacheka, "kalamu imekauka au mkono?" na wengine wanageuka, na ndani mwalimu bado anaandika, Dabin bado ameketi, mistari mitatu bado mitupu, na Eunsil akaishusha kalamu mpaka mwanzoni mwa mstari wa pili, akainua uso, mkono wa pili umetulia mapajani.

"Dada," akasema, na sauti ikatoka kubwa, kila mtu akaisikia, "mwaka juzi, muhula wa pili, shule za nyumbani zilifunguliwa tarehe ngapi?"