Saumu ya Tisa ya Zuena

Alhamisi, tarehe kumi na moja Oktoba, mwaka hamsini na moja. Vumbi la kiwanja cha chuo, kule Temeke, lilikuwa jepesi siku ile, likikanyagwa tu linaruka. Siku ile ndipo mambo yalipoharibika. Mzee Mshamu, msuka makuti, anaijua tarehe hiyo kuliko ya harusi yake.

Mwanawe Maulidi alikuwa na miguu. Si miguu hii ya kuendea sokoni, miguu! Alikimbia peku, na wenye viatu wakiuona mgongo wake tu. Chuo cha ualimu kilikwisha kumtaja: huyu ndiye atakayesomea kufundisha michezo.

Lakini Zuena alikufa. Ee Zuena, mke wa ujana, mama wa mtoto mmoja! Uliugua Ramadhani, siku kumi na nne hukufunga, ukapata nafuu ya kutudanganya, ukaondoka hujazilipa. Mzee akamwambia mwanawe, "Mfungie mama yako. Wala usimwambie mtu. Ibada haipigiwi ngoma."

Alhamisi ile ilikuwa saumu ya tisa.

Saa tisa alasiri, jua kali, Leodegar akaweka benchi kiwanjani. Alikuwa mwanachuo wa mwaka wa mwisho, ameagizwa na mkuu wa chuo, Mzungu, aandike utafiti juu ya nguvu za wanariadha. Karatasi yake ilikuwa na nafasi ya urefu, ya uzito, ya kifua, ya mapigo ya moyo. Panda benchi, shuka. Panda, shuka. Dakika tano.

Dakika ya tatu Maulidi akayumba, akaketi vumbini.

"Haya, swala! Leo umekuwa kobe?" wenzake wakacheka.

Leodegar hakucheka. Akamshika mkono, macho kwenye saa. "Ndugu yangu, unaumwa?"

"Siumwi."

"Jana ulilala?"

"Nililala."

Akaandika: Moyo dhaifu. Asikimbie.

Mzee Mshamu akaenda chuoni na shati lake la Idi. "Kijana alikuwa kafunga!" Karani hakuinua hata kichwa. "Mkuu ameshatia sahihi, mzee wangu." Ameshatia sahihi! Ndio watawala wetu hawa: wanakupima kifua, hawakuulizi tumbo.

Nafasi akapewa mwingine. Na Maulidi, masikini, akaiamini karatasi. Kijana wa miaka ishirini anatembea mkono kifuani, polepole, kama kabeba yai. Akipita, vumbi halishtuki.

Mzee akalaani mkuu, akalaani karani, akalaani benchi, akalaani serikali na bendera yake. Kila jioni analaani, kila jioni mwanawe anasikiliza.

Mpaka jioni ya saumu ya kumi na nne, ya mwisho. Maulidi akafuturu kwa maji, akakiweka kikombe chini, akamtazama baba yake aliyekuwa bado analaani.

"Baba, siku ile ningesema nimefunga, saumu ya mama ingeharibika?"